Miguu ya Manjano Uani kwa Mama

Ukiniuzia kitu nitakigonga, nitakinusa, nitakigeuza juu chini, kisha nitakuuliza mwenyewe wa kwanza yuko wapi. Ndivyo nilivyo. Kolwezi, mji wetu wa migodi, umenilea hivyo: hapa hata jiwe la njiani lina wauzaji watatu, na kila mmoja anaapa ni lake.

Kwa hiyo fikiria taabu niliyoipata nilipoanza kutafuta trepie, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Kamera yenyewe si ya kutundika shingoni. Ni sanduku la mbao lenye mfuko wa kukunjua mbele, nililolinunua kwa mjane wa mpiga picha wa zamani, na filamu yake ni pana kama kioo cha dirisha. Ukikunjua ule mfuko, uzito wote unaelemea mbele, na upepo ukipita unausukuma. Tena picha yake haitaki haraka. Unafungua, unahesabu polepole, unafunga, na kwa muda huo wote hakuna ruhusa ya kitu kutikisika.

Na kwa mama kila kitu hutikisika. Nyumba yake iko pembeni mwa shimo la mgodi. Wakilipua mwamba alasiri, vikombe vinagongana kabatini. Nyumba za njia ya pili zilikuwa zimeshapigwa alama nyekundu ukutani na wapimaji wa kampuni ya mgodi, na kila mtu alijua maana yake: shaba iko chini yenu, ondokeni. Ya mama ilikuwa bado. Nilitaka picha moja tu, yeye amesimama mbele ya mlango wake, kila tofali lionekane, hata ule ukuta wa kando ambao baba alikufa kabla ya kuupiga plasta. Nilikuwa nimebakiwa na filamu mbili. Ya kwanza niliipiga juu ya trepie ya kuazima, nyembamba, na mama akatoka na nyuso mbili. Nililia kwa hasira. Ikabaki moja.

Sokoni nilionyeshwa trepie ya alumini inayong'aa. "Hii inabeba yote, mama," muuzaji akasema. Nikaikandamiza kwa kiganja, ikapiga magoti. Nikamuuliza hiyo yote ni kilo ngapi, akaanza kunisifia rangi. Nikaenda kwa seremala. Yeye alinitengenezea ya mbao ya mukula na kuniapia kwamba imekauka. Sikumwamini, na nilifanya vizuri: wiki iliyofuata ilikuwa inatoa utomvu mwekundu kwenye bawaba, na mguu mmoja umeanza kupinda.

Ndipo nikasikia kwamba tata mmoja, mzee anayekaa njia ya kwenda Nzilo, mpimaji wa ardhi aliyestaafu, anauza trepie yake ya kazi. Nilipoiona niliizunguka mara mbili. Miguu ya mbao nzito iliyopakwa manjano, ncha za chuma za kukanyagia ardhini, bamba pana juu, na hakuna nguzo ya katikati ya kuchezacheza. Niliipenda papo hapo, na mimi nikipenda kitu ndipo nazidi kukishuku. Mguu mmoja ulikuwa umekwanguliwa rangi, mahali palipoandikwa jina.

"Tata, hii si ya kampuni?"

"Ilikuwa ya kampuni. Baliniachia ile siku nilitoka mu kazi. Jina, nilikwangua mi mwenyewe. Bantu balikuwa banaisoma, banatupiga na majiwe."

"Na juu ya nini unauzisha?"

Akacheka kidogo, bila furaha. "Nilichoka kuchukiwa, mama. Fasi yote nilisimamisha hii, bamama balikuwa banafunga milango. Nikisha kuenda, banaziba matundu ya miguu yake. Banasema mupimaji anarudiaka ku matundu yake."

Nilijisemea, hiyo ni hadithi ya kulainishia mteja. Nikaomba sufuria ya maji, nikaiweka juu ya lile bamba, nikasubiri. Lori la madini likapita barabarani mpaka vioo vya dirisha vikalia. Maji hayakukunja hata uso. Nikainunua, lakini njia nzima nilikuwa nageuka kutazama kama kuna mtu ananifuata.

Jumamosi alasiri nikaisimamisha uani kwa mama. Nilikanyaga ncha moja moja hadi zikazama. Sijatoa hata kamera kwenye kitambaa chake, jirani akatokea uzioni.

"We, unapima nini hapa?"

"Napiga mama picha."

"Na miguu ya bapimaji?"

Mara uzio ukajaa watu. Hakuna aliyenisalimu. Nilikasirika sana, uani pale ndipo nilipojifunza kutembea, na hao walioniangalia kwa jicho la upande walinibeba mgongoni. Mimi ninayemuuliza kila mtu mali yake imetoka wapi, leo naulizwa mimi.

Mama akatoka amevaa kitenge chake cha kanisani. Akasimama mlangoni. Hakuniangalia, aliangalia ile miguu ya manjano.

"Mutoto yangu, nani alikutuma?"

"Mama, ni mi. Ni ya picha."

"Minajua ni weye. Mi nauliza nani alikutuma."

Maneno hayo yaliniuma mpaka nikataka kukunja kila kitu niondoke. Badala yake nikafunga kamera haraka juu ya trepie na kumwita aje aone mwenyewe. Akaingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi. Nilikuwa nimesahau kwamba kioo cha kamera hii huonyesha kila kitu kimegeuka, miguu juu kichwa chini.

"Yee! Nyumba yangu imepinduka!" Akatoka akihema. "Kumbe mulikwisha kuipindua!"

Watu wa uzioni wakaguna. Nilieleza, nikaapa, nikachora kwa kidole hewani. Mwishowe akarudi mlangoni akasema, "Piga, tumalize." Nikafungua, nikaanza kuhesabu. Katikati ya kuhesabu mgodi ukalipua. Mifuniko ya masufuria ikalia ndani. Ile trepie haikujali.

Picha ilitoka safi, sijawahi kupata nyingine kama hiyo. Tofali zinahesabika, nyufa zinahesabika, na macho ya mama yananitazama kama mgeni ambaye hajasema shida iliyomleta. Nilipompelekea aliishika kwa mikono miwili, akaibusu, akaitundika juu ya kitanda na kuwaita majirani waje waione. Yule jirani wa uzioni alinipa mkono. Nikafurahi, nikajua yameisha.

Nikatoka nje, pale uani, kupunga hewa. Pale niliposimamisha trepie palikuwa na viraka vitatu vya simenti, vimesawazishwa vizuri kwa mwiko.

"Mama, nani aliziba hapa?"

"Mi."

"Lakini picha uliiona. Unajua sikuwa napima."

"Picha ni muzuri sana," akasema, akinisogezea kiti. "Nilikuwa na simenti kidogo, ya kupiga plasta ku ukuta ya baba yako. Njo ile simenti niliweka pale."

Nikakaa. Ukuta wa baba ulikuwa mbele yangu, tofali tupu kama alivyouacha.