Mume Aliyeulizwa Hasira za Mkewe

Juzi nilipanga foleni ofisi ya uhamiaji hapa Johannesburg, nyuma ya Mkongomani wa mtaa wa Yeoville na mkewe, mzaliwa wa Soweto. Jamaa anaomba ukaazi wa kudumu kupitia ndoa, basi muda wote walikuwa wakikaririshana majibu, wasije wakadhaniwa ndoa yao ni ya karatasi tu.

"Mswaki wangu?" mke anauliza.

"Kijani."

"Nalala upande gani?"

"Wa ukutani."

Walipofika kaunta, mama afisa akawatazama juu ya miwani. Habari za mswaki hakuzigusa kabisa. Akamuuliza mke: "Wiki hii huyu amekuudhi nini?"

Eish! Mke akavuta kiti. Taulo lenye maji kitandani, shemeji aliyehamia kwenye kochi, simu zinazopokelewa nje. Hakumeza hata mate.

Afisa akamgeukia mume. "Ulijua mwenzio ana hasira?"

Jamaa akakodoa macho. "Ana hasira?"

"Hawa wameoana kweli," afisa akasema, akagonga muhuri. Kisha akawakumbusha sharti: wakiachana kabla ya miaka miwili, kibali kinafutwa.

Walipotoka, mkoba mwekundu wa mke ulikuwa unaning'inia begani kwa mume. Sijawahi kuona sheria ikianza kufanya kazi haraka namna ile.