Nilimfundisha mtoto wa mke mwenzangu kugawa muda wake, wivu ukanikaa kooni

Wakuu, salaam kwenu nyote mlioamka salama na mnaosoma hapa mkiwa kazini mnajifanya mna kazi.

Haya ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi. Majina tu nimebadilisha, maana Kibiti ni padogo na watu wana masikio.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, shule ya sekondari ya kata. Ni mke wa kwanza. Mume wangu, tumwite Baba Swaumu, ananunua kamba na samaki wakavu huko delta, mto unapoingia baharini, anakuja kuuza huku barabarani. Kama mnavyojua, mtu akienda sehemu moja mara nyingi, mwisho anapata pa kulala.

Basi akaoa huko huko delta, kijiji cha Kiongoroni.

Kabla hamjaanza kuniuliza kwa nini nilikubali, niliambiwa, sikuombwa. Hilo tuliache.

Mke mwenzangu tumwite Bi Mwanaisha. Alikuwa ameachika, ana binti mmoja tu wa ndoa ya kwanza, Hidaya. Mimi nami nina binti, Swaumu. Mabinti hawa wawili ni rika moja na darasa moja, na hapo ndipo uzi wenyewe unapoanzia.

Hidaya alipoingia form four, mume wangu akaja naye nyumbani. Binti kasimama mlangoni na begi lake, na furushi la kamba wakavu kutoka kwa mama yake, salamu nyingi.

"Mama Swaumu, huyu atakaa hapa mpaka amalize mtihani. Nimeshamhamishia shuleni kwenu. Kule masomo hayaendi."

Wakuu, binti yule ana sura ya mama yake. Ana kishimo shavuni kilekile. Yaani mwanamke ambaye nilikuwa namfikiria siku za zamu yake tu, sasa uso wake ukawa unanisalimia kila asubuhi jikoni kwangu. "Shikamoo mama mkubwa."

Nikaitikia marahaba. Roho inawaka.

Sasa shuleni mimi ndiye niliyekuwa na kipindi cha kuwafundisha form four kupanga muda wao. Sijatumwa na mtu, nilikianzisha mwenyewe baada ya kuona watoto wana akili ila siku yao inavuja kama ndoo yenye tobo. Mtoto anakwambia mwalimu nasoma sana. Ukimwuliza jana ulisoma nini, anaangalia dirishani.

Najisifu kidogo, mnisamehe. Kipindi kile wanafunzi walikuwa wanakipenda. Siwaambii waandike ratiba nzuri yenye rangi rangi. Nawaambia kwanza waondoe muda ambao si wao. Kuchota maji, kupika, chuo cha Qurani, njia ya kwenda na kurudi, kupeleka mdogo wake zahanati. Kinachobaki ndicho chako, hata kikiwa kidogo kama ukucha. Hapo ndipo unaweka somo linalokushinda, kichwa kikiwa bado kizima, si ukishachoka.

Hidaya kipindi cha kwanza hakuelewa kitu.

Alikuwa anachelewa shule. Anaamka mapema kuliko sisi sote, kabla hata ya adhana, anafagia uwanja, anajaza ndoo, halafu anapotelea hapo katikati. Akianza kusoma anasoma kitu kimoja hadi usingizi unamwangusha juu ya daftari. Mtihani wa kwanza akashika mkia. Swaumu wangu akawa miongoni mwa wa mwanzo.

Niwaambie ukweli, roho yangu ilitulia kama mtu aliyekunywa maji ya mtungi. Siku hiyo nilipika pilau.

Sasa wiki iliyofuata, baada ya kipindi changu, wenzake wametoka, yeye kabaki kwenye dawati.

"Mama mkubwa, samahani. Mimi saa siziwezi."

"Huziwezi vipi? Husomi saa?"

"Nasoma. Ila haziniingii. Kule nyumbani tunakwenda na maji. Maji yakijaa unajua cha kufanya, yakitoka unajua cha kufanya. Hakuna anayeuliza saa ngapi. Hapa naona siku yote iko sawasawa tu, sijui pa kushika."

Jamani, mimi ni mwalimu. Mwalimu akisikia swali zuri kichwa kinaamka chenyewe, hata kama roho haitaki. Nikasahau kwamba ni mtoto wa nani. Nikavuta kiti.

Nikamwuliza, hapa kwetu kuna kitu gani ambacho huwezi kukisogeza hata ukitaka? Akafikiri. Akasema, "Adhana."

Nikamwambia basi hayo ndiyo maji yako ya huku. Siku yako imeshakatwa vipande, kazi yako ni kuweka kitu kwenye kila kipande. Baada ya Alasiri mpaka karibu na Magharibi ni hisabati, maana kichwa bado kina nguvu. Kati ya Magharibi na Isha, somo la kusoma na kukariri. Baada ya Isha usiguse kitabu, lala. Kipande kikiisha unafunga, hata kama hujamaliza. Kesho kipo tena.

Alitabasamu, kile kishimo kikaingia. Nikakumbuka ni mtoto wa nani.

Wakuu, binti alibadilika kama amebadilishwa kichwa. Hachelewi tena. Ukimtuma kitu kwenye muda wake anakwenda, anarudi, anachukua kipande kingine cha siku anafidia. Halalamiki. Na Swaumu wangu, niliyemzaa, niliyemwimbia habari za kupanga muda tangu darasa la tatu, yuko na simu. "Mama mimi hayo nayajua." Anayajua kweli, anaweza hata kuwafundisha nyie. Kuyafanya ndiyo hakuna.

Matokeo ya mock yakatoka. Hidaya akampita Swaumu. Si kwa kidogo.

Siku hiyo ilikuwa zamu yangu. Tumekaa tunakula, mume wangu anamega ugali huku anacheka peke yake.

"Mtoto wa Mwanaisha ana akili bwana. Kamfuata mama yake."

Nilirudisha tonge sahanini.

Mtoto wa Mwanaisha! Anakula kwa nani? Anafundishwa na nani? Nani aliyekaa naye kwenye lile dawati mpaka shule ikabaki na mlinzi? Kazi nifanye mimi, sifa ziende Kiongoroni kwa boti!

Na mbaya zaidi nikamtazama Swaumu, ameinamisha kichwa. Wivu wa mume nilikuwa nimeshauzoea jamani, una siku zake na mapumziko yake. Huu wa watoto haukuwa na zamu.

Wiki tatu baadaye nikamwambia Baba Swaumu nyumba imebana, mtihani unakaribia, mabinti wanahitaji nafasi. Hidaya aende bweni. Maneno yangu yalikuwa mazuri kabisa, ya kitaaluma. Hata mwenyewe nilikaribia kuyaamini. Akakubali.

Hidaya alipoambiwa hakubisha. Akasema "Sawa mama mkubwa," akaenda kukunja nguo zake.

Nikiwa uani naanika, Swaumu akanifuata. Huyu mtoto huwa hanifuati mpaka bando limeisha.

"Mama, Hidaya anaondoka kweli?"

"Anakwenda bweni. Ni kwa faida yenu."

"Sasa mimi nani atanifungia simu?"

Sikuelewa. Ndipo akaniambia. Kumbe tangu matokeo ya mock, kila Alasiri, Swaumu anampa Hidaya simu yake, Hidaya anaifunga kwenye khanga anaikalia, wanajifungia chumbani kwao wanasoma pamoja mpaka Magharibi. Swaumu mwenyewe ndiye aliyemwomba. Alipoona kapitwa hakumchukia mwenzake. Alimwambia nifundishe unavyofanya.

"Si nimekufundisha mimi!" Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

"Wewe mama unaniambia. Yeye anakaa na mimi."

Wakuu, hapo niliketi kwenye kinu.

Mnaona ilivyo? Nilikuwa namwonea wivu mama yake kwa mume. Nikamwonea wivu binti kwa kumpita mwanangu. Sasa nikaanza kumwonea wivu kwa mwanangu, yaani ameweza kumfanya Swaumu akae chini na mimi nimeshindwa. Wivu wa ghorofa tatu.

Lakini mtihani ulikuwa karibu na mwanangu alikuwa anasoma. Nikaingia ndani nikamwambia Hidaya rudisha nguo kabatini. Baba Swaumu alipokuja nikamwambia nimebadili mawazo, akanitazama kama wanaume wanavyowatazama wanawake, akaendelea na mambo yake.

Twende kwenye mahafali sasa.

Bi Mwanaisha alikuja. Kapanda boti mpaka Nyamisati, kutoka hapo akapata gari. Kavaa dera jipya, kajifunga kilemba, mikono ina hina. Nilikuwa simjui vizuri, tulikuwa tumeonana kwenye misiba tu. Mimi nilikaa meza ya walimu.

Zikaanza zawadi za waliofanya vizuri. Hisabati, Hidaya. MC akatangaza, "Mzazi wa Hidaya apite mbele amvishe mwanawe shada!"

Bi Mwanaisha ameshasimama. Ameshashika na shada mkononi.

Na Hidaya, pale mbele, macho yake yakaja kwangu kwanza.

Ilikuwa kitambo kidogo sana. Nadhani hata yeye hakujua. Akageuka upesi, akamfuata mama yake katikati ya viti, akamkumbatia, vigelegele vikapigwa. Lakini mama yake alikuwa ameona. Mimi nami nikaona kwamba ameona.

Na hapa nisiwafiche. Nilifurahi. Nilikaa pale meza ya walimu nikafurahi mpaka visigino.

Tuliporudi nyumbani tulikula sote. Baadaye nikamkuta Bi Mwanaisha jikoni kwangu anasugua sufuria. Sufuria lilikuwa limeshasuguliwa, ila aliendelea.

"Acha mdogo wangu, umechoka na safari."

Hakugeuka.

"Dada, mume tumegawana. Sikusema kitu, na wewe hukusema kitu."

Akachota jivu jingine, akasugua.

"Mtoto ninaye huyu mmoja tu."

Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Angenigombeza ningejua la kujibu, mdomo ninao. Nilimtazama mgongo wake nikaujua ule mgongo. Mimi mwenyewe ndivyo ninavyosimama zamu zake zikiwadia.

Ile furaha yangu ya meza ya walimu ikaondoka.

"Bi Mwanaisha," nikamwambia, "wakati wa masika Hidaya aliumwa malaria. Homa imempanda, anaita mama. Nikaenda. Nikamshika mkono nikamwambia nipo. Alifungua macho akanitazama, akayafumba, akaendelea kuita mama. Hakuwa ananiita mimi."

Ilikuwa kweli, na wakuu, kuisema kuliniuma. Nilikuwa sijamwambia mtu. Usiku ule nilimkanda maji mimi, dawa nilimpa mimi, na jina lililomtoka halikuwa langu.

Bi Mwanaisha aliweka sufuria chini. Akajifuta mikono kwenye dera jipya lile.

"Alipona vipi? Mbona hamkunipigia?"

"Alikataa. Alisema utapanda boti bahari imechafuka."

Akalia. Nami nikalia, kila mmoja na lake. Hatukukumbatiana, hii si tamthilia. Tulichambua mchele tukapika chakula cha jioni.

Wote wawili walifaulu, alhamdulillah. Swaumu hakupata kwa kutisha ila kapata, yuko chuo cha afya. Hidaya kachaguliwa form five mkoa wa mbali huko, masomo ya sayansi.

Mimi na Bi Mwanaisha siwezi kusema ni marafiki. Zamu yake ikifika bado nakuwa mkali kwa wanafunzi, wenyewe wanajua, wanaulizana "leo Madam vipi?" Ila siku hizi akileta kamba analeta mwenyewe, anakaa, tunapiga soga.

Shuleni kwao Hidaya wanaruhusiwa kupiga simu Ijumaa baada ya swala, kwa simu ya mwalimu wa zamu. Anampigia mama yake kwanza. Kisha Swaumu. Kisha mimi.

Ijumaa iliyopita nilikuwa na mengi ya kumwuliza. Chakula, baridi, fizikia inakwendaje. Katikati akanikatiza kwa adabu zote.

"Mama mkubwa, muda niliokuwekea umekwisha. Naingia kusoma."

Akakata simu.

Nimebaki na simu sikioni. Nimekasirika, na siwezi kulalamika popote, maana ndivyo nilivyomfundisha.

Nilichojifunza mimi ni hiki. Wanafunzi hawashiki unachowaambia kuhusu muda, wanashika ule muda uliokaa nao. Na mtoto ukishamwezesha kugawa siku zake, usidhani atakupa zote. Atakukatia fungu lako, ulipokee.

Wenzangu walimu, na nyie dada zangu mlio kwenye ndoa kama yangu, semeni chochote, hata cha kuniuma nitasoma. Na wanaume mliooa wawili, kabla hamjaandika "hongera mzee", someni tena pale penye sufuria.