Kilima Alichokiamkia Mume Wangu

Wajukuu zangu wakinikuta hotelini nakunywa chai peke yangu huniuliza kama nyumbani sukari imeisha. Sukari ipo. Ni mazoea yangu ya zamani, na yalianza kwa sababu sisi hatukuwa na ndugu wa kutembelea.

Mimi na mume wangu tulizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Vita vya kule vilipotufikia tulivuka kwa mtumbwi, tukatembea, tukafika Masasi, tukapanga chumba kimoja. Yeye alikuwa seremala. Mimi nilibangua korosho, kazi ya kukaa chini na kugonga maganda kutwa, vidole umevipaka majivu ili mafuta ya ganda yasikuchune ngozi. Siku sita zilikuwa na kazi zake. Ya saba ndiyo iliyokuwa na shida. Jumapili kila mwenyeji anakwenda kwa watu wake: huyu kwa shangazi, yule kwa wakwe, mwingine anarudi Chiwata kwa mama yake, kuku kamkumbatia kwapani. Sisi tunabaki uani tunatazamana.

Jumapili moja mume wangu akasema, "Vaa kanga nzuri, twende."

"Twende kwa nani?"

"Si kwa mtu. Twende tu."

Tukaenda kwenye mgahawa wa mlango wa buluu karibu na stendi. Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena. Kabla ya hapo nilishasimama kwenye foleni ya sukari mpaka miguu ikavimba, nikafika mbele nikaambiwa imekwisha. Sasa ikatoka tu, sijui ilikuwa imejificha wapi. Zikatoka na nguo za mitumba, na betri za redio, na sabuni yenye harufu. Mwenye mgahawa aliweka kopo la sukari katikati ya meza, kijiko kakifunga kwa kamba kwenye kopo kisije kikaondoka na mtu. Unajitilia mwenyewe. Mume wangu alitia vijiko vinne, akakoroga taratibu, akanitazama kama mtu aliyeiba.

Mke na mume kukaa meza moja hotelini halikuwa jambo la kawaida. Wanawake waliokuwa wakikaanga vitumbua pale nje walituona. Mmoja akaniambia, "We Mmawia, kwani mumeo humpikii chai nyumbani?" Wamawia ndivyo walivyotuita sisi Wamakonde wa ng'ambo, na hawakutuita hivyo kwa kutusifu.

Nikamjibu, "Nampikia. Huku tunakuja kuonja ya kwenu kama imeiva."

Wakacheka. Jumapili ya pili wakatusogezea benchi.

Baada ya chai tulikwenda kwenye majabali. Masasi imezungukwa na majabali makubwa yanayotoka ardhini bila sababu, meusi, ya duara, na mvua ikinyesha yanang'aa kama migongo ya viboko. Tulipanda lile lililo rahisi, tukakaa juu. Jua linalilisha jiwe moto tangu asubuhi, na jioni jiwe linakurudishia. Nilijilaza juu ya kanga yangu, nikasikia mji kwa mbali, jogoo mmoja, nyundo moja, kengele ya kanisa, sauti zote zimelainika kana kwamba zimepita majini. Mara nyingi nilisinzia. Nikisinzia pale nilikuwa naona kama jabali linapumua chini yangu. Sikumwambia mtu. Mtu mzima hasemi mambo kama hayo.

Tulijua migahawa yote ya Masasi kabla hatujajua jina la balozi wetu wa nyumba kumi. Tulijua nani anachemsha majani ya jana, na nani chapati yake ukiiinua haivunjiki.

Kisha mfanyabiashara mmoja akamtaka mume wangu akamfanyie kazi ya mbao Newala, alikokuwa akijenga maduka. Tukapanda juu kwa lori la mizigo. Newala ni baridi. Iko juu ya uwanda wa Makonde, na mahali wanapopaita Shimo la Mungu uwanda unakatika kama uliokatwa kwa panga. Ukisimama ukingoni, chini yako kuna bonde ambalo jicho linachoka kabla ya kulimaliza. Miti ya kule inaonekana kama ukoga juu ya jiwe. Ruvuma ni uzi mweupe, leo unauona, kesho huuoni. Na baada ya uzi huo ni kwetu.

Karibu na ukingo mzee mmoja alikuwa na mgahawa wa meza tatu. Asubuhi ukungu unapanda kutoka bondeni, unaingia mle ndani bila hodi, unachanganyika na mvuke wa birika, hata humjui aliyekaa meza ya pili mpaka akohoe. Nilipapenda kuliko pote. Tulikunywa chai ya tangawizi na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi myembamba ya porini, tukingoja ukungu uondoke. Ukianza kuondoka, bonde linatokea kipande kipande, kama mtu anayekumbuka ndoto yake.

Jumapili ya kwanza tu mume wangu alikiona kilima. Kilikuwa mbali, kina mgongo kama wa nguruwe. Akaniambia, "Nyuma ya mgongo ule ndipo nyumba ya mama."

Nilitazama. Mimi nilizaliwa mbali zaidi kidogo na kwao, sikuweza kubisha. Akasimama, akajifuta mdomo, akasema kwa heshima yote, "Shikamoo mama."

Neno hilo kwetu hatukuwa nalo. Alilipata huku, akalipenda. Alisubiri. Nikaona anasubiri kweli, basi nikamjibu kwa niaba ya mkwe wangu: "Marahaba."

Ikawa ndiyo desturi yetu kila Jumapili, miaka mitatu. Ukungu ukiondoka anakiamkia kilima, mimi naitikia, tunamalizia chai.

Bibi mmoja wa Mkunya, kijiji cha jirani, alituazima kipande cha shamba. Alikuwa mkali, na mimi napenda watu wakali, unajua walipo. Alituambia siku ya kwanza: "Limeni mihogo, limeni mbaazi. Mti msipande." Hakuna aliyehitaji maelezo. Mihogo unang'oa unaondoka. Mkorosho ukishaupanda unakaa miaka kuliko wewe, na aliyeupanda ana haki nao, na ardhi inafuata mti. Kwa hiyo mgeni hapandi mti. Ukitaka kumjua mgeni uwandani, tazama shamba lake: halina kivuli.

Redio ikasema vita vya kwetu vimekwisha. Wakati huo mimi nilikuwa na mimba. Mbili za kabla yake zilitoka, ya kwanza Masasi, ya pili Newala, kwa hiyo hii sikuitaja hata kwa mume wangu mpaka ilipojitaja yenyewe. Wenzetu wa ng'ambo wakaanza kufunga mizigo. Mume wangu hakusema twende wala tubaki. Ila chai yake ilianza kupoa kikombeni. Nami sikutaka kwenda. Nilishazika huku mara mbili, na tumbo hili sikutaka kulivusha mto. Sikusema. Tuliishi hivyo, kila mmoja amefunga mdomo, na kilima kinatutazama.

Jumapili moja, ukungu umeondoka, akasimama akasema shikamoo yake. Mzee mwenye mgahawa alikuwa anafuta meza. Akauliza, "Unamwamkia nani, ndugu yangu?"

"Mama yangu. Yuko nyuma ya kilima kile."

"Kipi?"

"Kile chenye mgongo."

Mzee akaja ukingoni, akakunja macho. Ujanani alikuwa akishuka bonde lile kupeleka chumvi, analijua kama kiganja chake. Akaanza kucheka. "Kile kiko huku huku kwetu. Mto uko nyuma yake. Pale nimechimba ming'oko mimi. Shemeji," akanigeukia, "miaka yote hii mumeo anaamkia nguruwe wa Newala."

Alicheka mpaka akamwona mume wangu usoni. Akachukua kitambaa chake akarudi ndani.

Mume wangu alikaa. Akasema, "Kumbe sijamwamkia hata siku moja."

"Nia ilimfikia," nikasema.

"Uliitikia wewe."

Siku ya tatu akaniambia anakwenda kumwona mama yake, kwa kuwa mto ulikuwa bado mdogo, na atarudi kabla haujajaa. Nilimfungia korosho na mihogo mikavu. Nilimwambia jambo moja tu: "Mimi sitakufuata. Mtoto huyu atazaliwa hapa." Akatikisa kichwa kama aliyesikia. Kusikia na kukubali ni vitu viwili.

Akaondoka. Nikaendelea kwenda mgahawani Jumapili, tumbo mbele. Watu hawakuniacha. Mwanamke mmoja wa meza ya pili aliniambia, "Wanaume wakivuka Ruvuma hupata usingizi mzito, dada. Huwa hawaamki upesi." Nikamwambia mume wake aliye nyumbani amelala bila kuvuka hata dimbwi. Lakini chai niliiacha kikombeni. Ukungu ulipoondoka nilikitazama kilima kile, nacho kimekaa pale pale, hakina habari na mtu.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Watu waliotoka bondeni wakasema mto umeanza kunguruma. Nilichukua korosho tatu, nikazitia kwenye bakuli la maji kama tunavyofanya kutafuta mbegu nzima, mbili zikaelea, moja ikazama. Ile iliyozama nikaenda nayo shambani kwa bibi. Nikachimba, nikaipanda, nikaizungushia miiba kwa ajili ya mbuzi. Nilijua ninachofanya. Siwezi kujitetea kwamba nilisahau.

Bibi akaiona ilipotoa majani. Alinikuta napalilia mihogo. Akasimama juu ya kile kimti.

"Nani amekuruhusu?"

"Hakuna, bibi."

"Ulikatazwa?"

"Nilikatazwa."

"Mti wa mgeni unang'olewa. Unajua?"

"Najua."

Akalitazama tumbo langu. "Mumeo yuko wapi?"

"Kwa mama yake."

"Kwa mama yake ndiko kwao," akasema. "Mwanamke peke yake hapandi mti kwangu. Kesho naye atamfuata, nibaki nagombana na watu nisiowajua kwa ajili ya korosho. Mwezi mwingine ukiandama nitakuja na jembe. Nikimkuta yupo tutazungumza. Nisipomkuta, naung'oa, na wewe utaendelea na mihogo yako kama kawaida."

Hakuwa amesema vibaya. Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo.

Mwezi ukapungua. Nikawa nautazama kila jioni kama mtu anayetazama unga kwenye debe. Jumapili ya mwisho kabla haujaandama niliamka na mgongo unaniuma, nikasema leo siendi. Kisha nikaenda. Ukungu siku ile ulikuwa mzito kuliko siku zote nilizowahi kuona. Nilitembea nikinyoosha mkono mbele kama kipofu, mapaa ya bati yanadondosha maji, sioni hata miguu yangu mwenyewe. Nikafika mgahawani kwa harufu ya tangawizi. Nikakaa meza yetu, nikasikia mtu yuko upande wa pili. Sikumwona. Nikasubiri aondoke.

Akakohoa.

Kikohozi cha mtu uliyelala naye miaka hukosei. Nilibaki nimeshika kopo la sukari.

"Chai yako inapoa," akasema. Alikuwa ameagiza vikombe viwili.

Tulikunywa kwanza. Kisha akaniambia mama yake alikufa mwaka juzi. Nyumba imekuwa kichaka. Aliokutana nao walimpa pa kulala, wakamwambia akae, ardhi ipo. Alikaa. Lakini jioni alikuwa akienda mahali palipoinuka, akiwaonyesha uwanda wetu ulivyolala kule mbali kama wingu refu, akiwaambia, "Mke wangu yuko pale." Akangoja maji, na yalipopungua siku mbili tu akavuka na wavuvi.

"Uliwaonyesha wapi?" nikamuuliza.

"Palipokuwa na kama pengo. Juu yake kuna mti mrefu."

"Hapa ukingoni hakuna mti mrefu."

Akanywa. "Basi niliwaonyesha kwa mtu mwingine."

Hapo nilicheka, na nilipocheka machozi yakanitoka, nikayafuta kwa kanga kabla mzee hajaleta ming'oko. Nikamwambia, "Nimepanda mti."

Akaweka kikombe chini. "Nani amekuruhusu?"

"Hakuna."

Hakuniuliza tena. Mchana ukungu ulipoondoka hatukwenda ukingoni. Tulikwenda Mkunya, polepole kwa sababu yangu, njia nyekundu imelowa, mikorosho ya watu pande zote mbili imelala na matone. Bibi alikuwa shambani, jembe begani, siku mbili kabla ya siku aliyoisema. Mume wangu akamwamkia. Akaitikia, akamtazama kuanzia miguuni, miguu iliyochubuka yote.

"Umerudi au umepita?"

"Nimerudi."

Bibi akainama, akaondoa miiba yangu mmoja mmoja, akapalilia kuzunguka kile kimti, akairudisha miiba. Kisha akapiga hatua kuelekea kwenye mihogo, anahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza. Akasimama, akachoma jembe ardhini.

"Huu mmeuweka karibu mno na mpaka," akasema. "Wa pili uwe hapa."