Uso wa Nduna Mkomanile

Diana alijifunza kuchora kwenye malori. Pale Tunduma hupanga foleni ndefu yakisubiri kuvuka kwenda Zambia, na madereva wakichoka kukaa humwita mtu awaandikie jina au aya ya Biblia nyuma ya gari. Mwanzoni walipomwona na brashi walimuuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Siku hizi wanamtafuta kwa jina, na ana wateja hadi Nakonde, ng'ambo ya mpaka.

Mwaka jana aliitwa kwenye shule moja ya wasichana. Mabweni mapya yalikuwa yamepewa majina ya wanawake walioongoza watu wao vitani, na Madam Anastazia, mwalimu wa historia, alitaka kila bweni liwe na sura ya mwenye jina. Nzinga, malkia aliyepigana na Wareno kule Angola, alikuwa na mchoro wa zamani wa kufuatisha. Yaa Asantewaa, aliyewaongoza Waashanti dhidi ya Waingereza, naye ilipatikana picha inayosemekana ni yake. Likabaki bweni la Mkomanile, nduna, yaani kiongozi chini ya chifu, wa Ungoni wakati wa vita vya Majimaji.

"Huyu sijampatia picha," Madam alisema. "Tafuta mama yeyote wa makamo, mwenye heshima zake. Ila mchore na kitanzi shingoni, wasichana waone Wajerumani walimfanya nini."

Diana akaenda Hasamba kwa shangazi yake, Tukuswiga, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Shangazi alizaliwa kwenye milima ya Ileje, akaolewa Hasamba. Mumewe alipokufa, shemeji zake walikuja na mapanga kukata mibuni ili shamba liuzwe. Yeye aliketi chini katikati ya mibuni. Wanawake wa kwaya yake waliposikia, wakaja wakaketi naye, mpaka wale wanaume wakaona aibu, wakaondoka.

Diana alimkuta anachambua kahawa kichanjani. Akamweleza shida yake.

"Huyo mama alifanya nini?" shangazi akauliza.

"Aliongoza watu vitani. Wakamnyonga Songea, pamoja na wanaume."

Shangazi akaacha kuchambua. "Kwa hiyo unataka uso wangu uwe wa mtu aliyenyongwa?"

Diana akasogea kichanjani, akachambua pamoja naye.

"Alikuwa na watoto?" shangazi akauliza baadaye.

"Sijui, shangazi."

"Siku hiyo wanawake wenzake walikuwepo?"

"Hilo nalo sijui."

"Basi ninyi mmekijua kifo chake tu." Akakung'uta mikono. "Uso nitakupa, mwanangu. Kamba hapana. Mchore ameketi, watu wanamsikiliza."

Madam Anastazia alipokuja kukagua ukuta hakufurahi. "Nilikuambia kitanzi. Ndiyo historia yenyewe."

"Madam, Nzinga hatukumchora akifa," Diana alisema. Kazi ile aliihitaji, lakini akaendelea. "Huyu wa kwetu kwa nini tumchore hivyo?"

Mwalimu akasogea karibu na ukuta, akautazama ule uso. "Mama yangu ni Mngoni," akasema. "Nyumbani kwao tukimtaja huyu mama, huwa tunaanzia kwenye kamba na kuishia hapo hapo." Akatikisa kichwa. "Muache alivyokaa. Habari ya Songea nitawaeleza mwenyewe darasani."

Siku ya kufungua mabweni shangazi alikuja amevaa kitenge cha kwaya. Msichana mmoja, Gwalugano, akautazama ukuta, akamtazama na yeye.

"Shikamoo, bibi. Huyu ni wewe?"

"Marahaba. Hapana, mjukuu wangu. Huyo ni mkubwa wa Ungoni. Mimi nimemwazima uso tu."

Wasichana wakamletea kiti, wakamzunguka. Walitaka awasimulie vita. Akawaambia yeye hajui, wanaosoma ni wao, basi wamwambie wao. Wakaanza kumweleza wakikatizana, naye akisikiliza na kuuliza maswali, hata walipoitwa kwenda kula hawakuondoka mara moja.

Wakiwa njiani kurudi, Diana alimuuliza ameuonaje ukuta.

"Uso sawa," shangazi alisema. "Vidole umevikosea. Vidole virefu vile mimi nimevitoa wapi?"

Wiki iliyofuata Diana alirudi shuleni na brashi ndogo, akavifupisha.