Siku Arubaini za Maun

Binti yangu Shatha alisomea urubani Afrika Kusini, akarudi kwetu Ibra, Omani, na leseni yake, na kwa miaka mitatu hakupata ndege ya kurusha. Mashirika makubwa yalitaka mtu aliyekwisha kuruka saa nyingi, na saa hizo hazipatikani bila ya kazi. Akawa anasomesha hisabati skuli moja ya Mudhaibi, anakwenda na gari asubuhi, anarudi adhuhuri, leseni iko kabatini.

Mwenzake aliyesoma naye ndiye aliyempa habari za Maun, kule Botswana. Mji mdogo, alimwambia, lakini uwanja wake umejaa ndege za injini moja zinazopeleka watalii, mboga na wafanyakazi kwenye kambi za porini, katikati ya vinamasi, na marubani wachanga huchukuliwa. Ila barua hawazijibu. Humchukua aliye mbele ya macho yao siku wanapopungukiwa na mtu.

Baba yake, Musabbah, alifikiri wiki nzima. Mwisho akasema, "Siku arubaini, hazizidi. Na mama yako atafuatana nawe."

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimezaliwa Unguja, nikaletwa Omani nina miaka saba, na Afrika nilikuwa nikiisikia kwa marehemu mama tu. Maun haikufanana na chochote alichonisimulia. Mchanga mtupu, punda wamesimama barabarani, na joto kama la kwetu mwezi wa tano. Tukapanga vyumba viwili nyuma ya duka la Muislamu mmoja wa Kihindi. Kila asubuhi Shatha alivaa shati jeupe, akajifunga mtandio wake, akazipitia ofisi za uwanjani moja baada ya moja.

Wote walimjibu kwa upole. "Kwa sasa hatuna nafasi. Pita tena." Alipita tena. Kulikuwa na vijana wengine saba wanaozunguka vilevile, wakazoeana kwa kukutana milangoni. Wiki ya tatu wawili wakakata tamaa, wakaondoka. Wiki ya nne mmoja akapata. Siku hiyo Shatha alirudi akaniambia amemfurahia mwenzake, kisha akala tonge mbili, akanawa.

"Mama, nikirudi mikono mitupu nitawaambia nini watu?"

"Waambie ulikwenda ukatafuta," nikamjibu.

Lakini lazima niseme kweli. Moyoni nilikuwa naomba asipate. Zile ndege zilipita juu ya paa letu tangu asubuhi, nyepesi kama za kuchezea watoto, na kila ikipita moja nilimwona mwanangu ndani yake, peke yake, chini maji na majani tu. Siku ya thelathini na sita nikampigia Musabbah atukatie tikiti za Alkhamisi.

Jumanne Shatha yumo chooni anatawadha, simu yake ikalia. Nikaipokea. Alikuwa karani wa kampuni moja aliyokwisha kuipitia mara tano.

"Binti bado yuko mjini?" akauliza. "Rubani wetu mmoja amepata shirika kubwa, anaondoka. Rubani mkuu anataka kumjaribu binti Ijumaa."

Ijumaa, na sisi tunaondoka Alkhamisi. Ningesema hivyo tu, na usingekuwa uongo. Nikasikia maji yakimwagika chooni, na Shatha anasoma dua yake taratibu, hana habari.

"Yupo," nikasema. "Atakuja."

Kabla hata ya kumwambia mwenyewe, nikampigia baba yake. "Wanamtaka Ijumaa. Zisogeze tikiti."

"Una hakika, Fawziya?" akauliza.

"Sina. Wewe zisogeze."

Rubani mkuu aliitwa Mothusi, mtu mzima mwenye mvi, msemaji wa polepole. Ijumaa waliruka saa tatu asubuhi, wakasema saa nne watakuwa wamerudi. Nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi na tasbihi yangu. Saa nne ikapita. Karani akaniletea gilasi ya maji, nikaiweka pembeni. Saa nne na nusu hakuna kitu. Ilipotimia saa nne na dakika arubaini ndipo ndege ikaonekana, ikashuka, ikagusa chini vizuri.

Shatha alikuja uso umemsawajika. "Nimeshindwa, Mama. Alinitaka nitue kwenye kiwanja cha kambi moja, na punda milia wamejaa. Nimepita juu yao mara mbili kuwafukuza, hawakutoka wote. Mara ya tatu akaniambia, tua tu. Nikakataa, nikageuza."

Mothusi alikuwa nyuma yake. Kiswahili hakijui, lakini uso wa Shatha aliuelewa. Akanigeukia mimi kwa Kiingereza.

"Wewe ndiye mama yake? Mimi nilimwambia kusudi atue, nione atafanya nini. Abiria watamwambia hivyo hivyo, wana haraka. Jumatatu aanze kujifunza njia. Karatasi za kibali tutazishughulikia sisi."

Shatha alikaa kwenye benchi, akaichukua ile gilasi yangu, akainywa yote bila ya kupumzika. Mimi nikamshika bega. Khofu niliyokuja nayo kutoka Ibra ilikuwa imelegea, na sababu niliijua: mtoto anayeweza kumkatalia mkubwa wake hewani, hata nisipokuwapo atajichunga.

Nilirudi peke yangu wiki iliyofuata. Musabbah alinipokea Maskati, na tulipofika Bidbid, kabla ya kushika njia ya Ibra, akasimamisha gari tunywe chai ya maziwa.

"Umemwacha peke yake," akasema.

"Nimemwacha kazini."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akaniongezea chai. Tulipoingia garini nikaegemeza kichwa kwenye kioo cha mlango, na sikuiona tena njia. Musabbah anasema nilikoroma mpaka Ibra.