Vema Zangu za Kila Ijumaa

Fundi wetu wa kompyuta pale kliniki ya macho tulimwita Mara Mbili, maana hakuna alichokifanya mara moja. Akifunga mlango, anarudi kuusukuma. Siku ya harusi yake alijibu "nimekubali", akauliza kama amesikika, akajibu tena. Mke anaye mpaka leo, kwa hiyo nisimcheke sana.

Kila Ijumaa alinakili taarifa za wagonjwa, akairudisha ile nakala kwenye kompyuta moja kuukuu kuijaribu, kisha akaniita mimi wa mapokezi. "Dada, chagua mgonjwa yeyote. Soma jina, fungua picha ya kipimo cha jicho, ndipo uweke alama ya vema kwenye karatasi hii."

Basi nami namchagua mama mkwe wangu, aliyekuwa akisubiri upasuaji kwa miezi minane. Naliona jina, naweka vema, naenda zangu kunywa chai. Picha ya nini? Jina si lipo?

Jumatatu moja likaja toleo jipya la programu. Likakwama katikati na kuvuruga kila kitu. Daktari akatokwa jasho: upasuaji ni Jumatano, na bila vipimo hajui amwekee nani lenzi gani. Mara Mbili wala hakubabaika. Akarudisha programu ya zamani, akarudisha nakala. Majina yakaja yote. Picha, haikuja hata moja. Kumbe zilikaa kwenye folda nyingine, na nakala haikuwahi kuzigusa tangu mwanzo.

Akaichukua karatasi yenye vema zangu, akaisoma polepole. "Ulizifungua, dada?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini mficha uchi hazai. "Sikufungua hata moja."

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Akanipa simu na orodha ya watu kumi na tisa, waje kesho wapimwe upya. Mama mkwe nilimweka wa mwisho, nikamweleza kwamba picha zake zimepotea.

"Nani kaharibu?" akauliza.

Ningeweza kusema kompyuta. Kila mtu husema kompyuta. "Mimi, mama. Nilikuwa naangalia jina lako tu, naweka vema."

"Jina langu halina ugonjwa, mwanangu. Macho ndiyo mabovu."

Jumanne nilimfuata mwenyewe nyumbani, nikamshika mkono mpaka kwenye mashine, na Jumatano akawekewa lenzi yake. Alipofunguliwa bandeji alinitazama juu mpaka chini.

"Kumbe umenenepa hivi," akasema, "na hakuna aliyeniambia."