Karatasi Iliyoombewa Mlangoni

Ashukuriwe Mungu, aliyeniachia macho ya kusoma Neno lake hadi uzee huu, na miguu ya kunifikisha ibadani bila kushikwa mkono. Ninayosimulia hapa niliyaona kwa macho hayo hayo.

Ilikuwa Jumapili ya mavuno, kanisani kwetu Sapiwi. Kila mwaka, baada ya ibada, sadaka za mazao hunadiwa uani: kuku, mpunga, viazi, hata ndama. Mwaka ule fedha zote zilikuwa za mabati. Upepo ulikuwa umeezua nusu ya paa, na mvua zilikuwa zinakaribia.

Siku hizi wachache hutembea na noti, kwa hiyo viongozi walikuwa wamebandika mlangoni karatasi ya msimbo wa QR. Unaielekezea simu, unaandika kiasi na namba yako ya siri, umemaliza. Siukatai urahisi huo. Nimelipia dawa kwa njia hiyo Bariadi mjini, nikamshukuru Mungu. Lakini mchungaji alikuwa ameiombea karatasi ile, sote tumeinyooshea mikono, kama tunavyoombea mbegu za pamba kabla ya kupanda. Tangu hapo hakuna aliyeitazama mara mbili. Nani angeshuku kitu kilichoombewa?

Nilinunua jogoo. Nikamkumbatia kwapani, nikaskani. Kwenye simu likatokea jina la mtu nisiyemjua, si jina la kanisa. Nikasimama.

"Guku, bonyeza!" aliita kijana mnadi kwenye kipaza sauti, akiniita babu kwa Kisukuma chetu. "Jogoo anazeekea kwapani!"

Uani wakacheka.

"Jina hili silijui," nikasema.

"Mambo ya mtandao hayo, Guku. Majina huchanganyika."

Mama aliyenunua mpunga alikuwa nyuma yangu, simu tayari mkononi. "Baba, jua linatuchoma. Kama imekushinda, nipishe nilipe mimi."

"Shusha simu, mayu," nikamwambia, nami nikimwita mama kwa Kisukuma. "Hapa halipi mtu."

Nikauegemea mlango, nikaifunika karatasi kwa mgongo. Mzee wa kanisa mwenzangu akaja kwa hasira. "Karatasi hii imeombewa! Unashindana na madhabahu?"

"Sishindani. Ila aliyetufundisha kuomba hakutukataza kusoma."

Nimelima pamba tangu enzi za mnunuzi mmoja. Soko lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walikuja kila mmoja na mizani yake, nami nikajifunza kuinama na kuusoma mshale kabla ya kuachia gunia. Niliitwa msumbufu. Niliendelea kuinama. Sikuona kwa nini niinamie mizani ya pamba, halafu nifumbe macho kwenye sadaka ya Bwana.

Nikageuka, nikaipapasa karatasi. Pembeni kidole kikagusa ukingo. Zilikuwa mbili, moja juu ya nyingine. Nikatia ukucha, nikaibandua ya juu mbele ya watu wote. Chini yake ilikuwepo yetu, imefifia kwa jua.

"Tuliyoiombea ni hii," nikasema. "Ile haikuombewa na yeyote. Mayu, skani sasa."

Akaskani. Akasoma kimya, kisha kwa sauti: lilikuwa jina la kanisa letu. Kicheko kikaisha. Waliokuwa wamelipa kabla yangu wakaanza kufungua simu zao, na mmoja akaketi chini. Fedha zao zilikuwa zimekwenda kwa mtu ambaye hadi leo hatumjui.

"Umetuaibisha mbele ya wageni," akaninong'oneza mwenzangu.

"Afadhali aibu ya leo kuliko kunyeshewa Jumapili zote."

Mchungaji akataka tuiombee karatasi upya. Nikamwambia, "Omba, nitaitikia amina kwa moyo wote. Lakini baada ya amina, kila mtu alisome jina kwa sauti ndipo aandike namba ya siri." Wengine waliguna kwamba uzee umenifanya mkaidi. Sikuondoka mlangoni mpaka ilipokubaliwa.

Mnada ukaendelea hivyo, kila mnunuzi akilitangaza jina la kanisa, vijana wakiitikia kwa vigelegele vya mzaha. Wacheke. Mabati yalinunuliwa, japo hayakutosha upande wote, na mvua ya kwanza ilitukuta tumebanana pale palipoezekwa, tukiimba.

Nawe unayesoma, Bwana akulindie jasho lako, akupe mkono mwepesi wa kutoa na jicho lisiloona haya kutazama. Amina.